Lyamba lya Mfipa hakuna mnara, sasa nani aliingilia maiki zetu?

Julai mwaka jana tulikuwa watu wanne tunashuti kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, pembeni kidogo ya barabara inayoteremka kwenda Muze. Kwa ambaye hajafika, nikueleze palivyo. Mgongoni una uwanda wa juu wa Ufipa, nyasi zimeshakauka na mahindi yameshavunwa. Mbele yako ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa, kama mita elfu moja hivi, bonde la Ziwa Rukwa limelala ndani ya vumbi. Nyumba ya karibu iko mbali. Simu inakupa kijiti kimoja cha mtandao, ukigeuka unakikosa.

Tuliyemfuata ni mzee mmoja wa miaka themanini na kitu. Babu yake alikuwa miongoni mwa wayeyushaji chuma wa Ufipa, wale waliojenga malungu, yaani matanuri ya udongo marefu kumzidi mtu, yanayovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kuvuta mivukuto. Mivukuto ilikuwa ya tanuri dogo la kusafishia chuma, kintengwe. Mzee alisimulia mambo hayo kama alivyoyasikia akiwa mtoto. Kuna mahali alinyamaza, akaangalia bondeni, akaendelea kwa Kifipa, kisha akarudi kwenye Kiswahili.

Jioni tukiwa gesti mjini Sumbawanga tukafungua mafaili. Dakika kumi na moja za sauti hazifai. Krrr, krrr, halafu kimya, halafu krrr tena, na chini yake sauti ya mzee kama mtu anayeongea ndani ya gunia.

Mimi ndiye nilikuwa fundi sauti siku hiyo. Nasomea mawasiliano ya redio, na ukisomea redio watu wanaamini maiki unazijua tu. Wakati wa kurekodi nilisikia zile krrr kwenye hedifoni, nikasema ni upepo. Upepo wa Julai kule juu unasukuma mtu mzima, kwa hiyo maelezo yalinitosha.

Mpiga picha wetu, mtu wa Dar, akacheka: "Si ndiyo Sumbawanga hii?" Utani huo sisi wa huku tumeuzoea mpaka umetuchosha. Jina la mji lenyewe huelezwa kwamba maana yake ni kutupa uchawi. Tumeutupa, jamani, lakini Watanzania wenzetu wanaamini bado tunautunza.

Mwongozaji yeye alilaumu minara ya simu. Kijana wa vifaa akasema labda ni televisheni za Zambia, mpaka si uko karibu? Usicheke, hoja ya Zambia ina akili ndani yake. Mawimbi ya redio ya masafa tunayotumia kwenye maiki na televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kinachokuzuia usiyapokee toka mbali ni milima na mviringo wa dunia. Ukipanda juu, upeo wako unarefuka. Kwa makadirio, umbali wa upeo wa redio kwa kilomita ni 4.1 mara kipeuo cha pili cha urefu wako juu ya ardhi inayokuzunguka, kwa mita. Ukiwa mita 1,000 juu ya bonde unapata kama kilomita 130. Mtu aliyesimama ukingoni pale anaona mbali, na antena yake inasikia mbali. Mahali pasipo na mnara si lazima pawe kimya.

Lakini kulikuwa na kitu hakikai sawa. Kelele hazikuwepo tulipojaribu maiki asubuhi. Zilianza mwongozaji alipohama. Aliona mzee anamtazama yeye badala ya muulizaji, akaamua kwenda kukaa nyuma ya mwamba na monita yake, na ili aone picha tukawasha transmita ya video iliyofungwa juu ya kamera. Kituo cha televisheni cha nchi jirani hakiwezi kujua kwamba sisi tumewasha transmita. Aliyetuingilia alikuwa kwetu.

Ili uelewe kwa nini, fikiria kazi ya risiva. Maiki ya kubana kifuani ina transmita ndogo ya kiunoni, nguvu yake mara nyingi ni miliwati 10 hadi 50 hivi. Wimbi likitoka linatawanyika pande zote, na ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Sasa chukua hesabu hii: maiki ya miliwati 10 iko mita 10 kutoka kwenye risiva, na transmita ya video ya miliwati 100 iko sentimita 10 kutoka kwenye risiva hiyohiyo, kwa sababu vyote viwili umevifunga kwenye kamera. Video iko karibu mara 100 zaidi, na 100 kwa 100 ni 10,000. Nguvu yake yenyewe ni mara 10. Jumla, risiva inapigwa na video kwa nguvu mara 100,000 kuliko inavyopigwa na maiki inayotakiwa kuisikiliza. Ni kama mtu anakunong'oneza kutoka ng'ambo ya barabara huku mwingine anapiga honi ya basi sikioni mwako.

Utasema: lakini maiki yangu iko 519 MHz na video iko 5 GHz, si vitu tofauti? Ni kweli, na ndiyo sababu mara nyingi mambo huenda vizuri. Risiva ina kichujio kinachoruhusu masafa yake na kuzuia mengine. Tatizo ni kwamba hakuna kichujio kinachozuia kwa asilimia mia, na vya risiva za bei nafuu vinazuia kidogo zaidi. Honi ikiwa kubwa mno, hata ukiziba masikio unaisikia, na ule mnong'ono unaupoteza. Risiva inakuwa kama imezibwa: taa inawaka, namba za masafa zipo, lakini ishara dhaifu haiioni tena.

Basi usiku ule tukafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya asubuhi. Tukapanga vifaa mezani kama vilivyokuwa kwenye kamera. Maiki zote tukazizima, risiva tukaiacha imewashwa, tukaangalia ile mistari inayoonyesha nguvu ya ishara. Maiki ikiwa imezimwa, mistari inatakiwa iwe sifuri. Tukawasha kamera: sifuri. Tukawasha transmita ya video na kuiunganisha: mistari mitatu. Haya, mwizi amekamatwa, mwongozaji akapiga makofi.

Nikachomoa waya wa HDMI kati ya kamera na transmita, transmita yenyewe nikaiacha inawaka. Mistari ikarudi sifuri.

Nikachomeka tena. Mitatu. Nikazima transmita, waya nikauacha. Mitatu bado.

Hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu hesabu yake ipo kwenye vitabu na nilishaifanyia mtihani. Tulikuwa tunashuti 1080p kwa fremu 25. Kwa picha ya aina hiyo waya wa HDMI unabeba saa, yaani mapigo ya umeme yanayopanga mwendo wa data, mara milioni 74.25 kwa sekunde. Mapigo hayo ni ya mraba, juu-chini, juu-chini. Na wimbi la mraba haliwi na masafa mamoja. Ndani yake kuna masafa ya msingi pamoja na vizidishe vyake vya namba witiri: mara 3, mara 5, mara 7, na kuendelea, kila kimoja kikiwa hafifu kuliko kilichotangulia. Sasa zidisha 74.25 mara 7. Unapata 519.75 MHz.

Maiki ya mzee ilikuwa 519.7.

Waya mzuri una ganda la chuma ndani ya plastiki linalozuia mawimbi hayo yasitoke. Wa kwetu ulikuwa wa bei ya chini, umekunjwakunjwa safari nzima, na pengine ganda lake lilishaachana na plagi. Waya ulioachia ganda ni antena. Nasi tuliufunga sentimita chache kutoka kwenye antena ya risiva! Tukachukua waya mwingine mfupi, mnene, wa mtu aliyekuwa amepanga chumba cha pili kwa kazi zake za harusi, na mistari ikashuka hadi mmoja. Tukahamisha maiki kwenda 516.2, ikawa sifuri. Ukipenda kujaribu kwako, kamera inayotoa 1080p kwa fremu 50 au 60 inatumia saa ya 148.5 MHz, kwa hiyo tafuta vizidishe vya hiyo badala yake.

Nimeanza na waya kwa makusudi, kwa kuwa karibu kila ninayeongea naye anatafuta adui angani. Waya wa USB 3 una tabia kama hiyo, ila wenyewe kelele zake huangukia maeneo ya 2.4 GHz. Laptopu yenye hadidiski ya nje kando ya risiva ya 2.4 GHz ni ugomvi ambao wengi wamelala nao nyumba moja bila kuujua.

Na hapo tufike kwenye 2.4 GHz, maana wengi wenu hamna maiki za UHF. Mna zile ndogo za vipande viwili zinazokaa kwenye kasha la kuchajia. Mimi pia ninazo, nazipenda. Lakini zinaishi kwenye mtaa wenye watu wengi kuliko mitaa yote ya redio. Eneo lile lina upana wa 83.5 MHz tu, na ndani yake wamo Wi-Fi, Bluetooth, rimoti za droni, hata oveni za maikrowevu. Chaneli za Wi-Fi ziko 13 kwenye orodha, ila zisizokanyagana ni tatu kwa wakati mmoja: ya 1, ya 6 na ya 11. Maiki hizi zinajitahidi kurukaruka kutoka nafasi moja kwenda nyingine kutafuta upenyo. Upenyo ukikosekana hazikwaruzi kama za analojia, zinakata kabisa. Neno linaisha katikati.

Hii inaeleza kitu ambacho wapiga video wa harusi hapa mjini hunilalamikia: ukumbini saa nane mchana maiki zinafika mpaka mlangoni, saa tatu usiku bibi harusi akiwa hatua tano tu zinakatika. Hazijaharibika. Mchana ukumbi ulikuwa mtupu. Usiku una wageni mia tatu, nusu yao simu zina Wi-Fi na Bluetooth wazi, na wote ni miili. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na maji hunyonya sana mawimbi ya 2.4 GHz. Urefu wa wimbi lile ni sentimita 12.5, kwa hiyo kifua cha mtu ni ukuta. Wimbi la 600 MHz lina nusu mita, linazunguka mwili kwa urahisi zaidi.

Huko nje kwenye uwanda, kuna kinyume chake ambacho hata mimi kilinishangaza mara ya kwanza. Chumbani Majengo, mtu akikugeuzia mgongo, maiki ya 2.4 GHz bado inasikika, kwa sababu wimbi linagonga kuta na dari na kukufikia kwa njia nyingine. Kwenye nyasi wazi hakuna kuta. Mtu akigeuka kuangalia bonde, mwili wake unaziba njia pekee iliyopo. Sehemu tulivu kuliko zote inaweza kukupa umbali mfupi kuliko chumba chenye kelele. Dawa ni kumwekea mtu transmita upande ulipo risiva, au kuhamisha risiva iende anakotazama.

Sasa, mkiwa na maiki za UHF zaidi ya mbili, kama wanaorekodi kwaya, kuna adui mwingine wa nyumbani. Transmita mbili zikikaribiana, zinachanganyikana na kuzaa masafa ambayo hakuna aliyeyawasha. Watoto wasumbufu zaidi hupatikana kwa kuchukua masafa ya mmoja mara mbili na kutoa ya mwenzake. Weka maiki kwenye 518.0 na 518.4. Mara mbili ya 518.4, toa 518.0, unapata 518.8. Fundi anayependa mpangilio mzuri ataweka maiki ya tatu wapi? Kwenye 518.8, ili nafasi zilingane. Ameiweka juu ya mtoto wa zile mbili. Ukiipeleka 519.2 inapona, na ukifanya hesabu hizo za mara mbili toa ya mwenzake kwa zile tatu hutakuta inayoangukia kwenye mojawapo yao. Nafasi zisizolingana ndizo salama. Ndiyo maana risiva nzuri zina makundi ya masafa yaliyopangwa tayari kiwandani: chagua kundi moja na maiki zote zikae humo, usichanganye makundi kwa kuwa unapenda namba.

Kuna jambo la nchi pia. Maiki za UHF huazima nafasi kwenye eneo la televisheni. Zamani eneo hilo lilikuwa pana. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2006 ulipanga kuhamia televisheni ya dijiti, ukomo ukiwa 17 Juni 2015, na Tanzania ikaanza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Dijiti inabana vipindi vingi kwenye chaneli moja, kwa hiyo sehemu ya juu ya eneo ikabaki wazi na kupewa simu. Mwaka 2018 TCRA ilipiga mnada masafa ya 700 MHz. Kilichobaki kwa televisheni ni kati ya 470 na 694 MHz, chaneli 28 za 8 MHz kila moja. Kwa hiyo ukiuziwa maiki za mtumba kwa bei ya kutupa, geuza nyuma usome masafa kabla ya kutoa hela. Marekani walizipiga marufuku maiki za 700 MHz tangu Juni 2010, na kifaa kilichokatazwa kwao hakigeuki kuwa kizuri kwa kuvuka bahari. Mnara wa simu ukiwa kwenye masafa yako, hakuna hila ya lokesheni itakayokuokoa.

Mengine yote hila zipo. Sisi siku hizi sauti inakwenda UHF, video 5 GHz, na droni, ikiwepo, 2.4 GHz. Tukikosa UHF, maiki ndiyo inapewa 2.4, mwongozaji anavutiwa waya mrefu wa video, na droni hairuki mtu akiwa anaongea. (Hata bila redio, ule mlio wake nani anautaka?) Risiva za sauti hazikai tena kwenye kamera pamoja na transmita ya video. Mita moja tu inatosha kuleta tofauti kubwa: kutoka sentimita 10 hadi mita 1, ile honi inapungua mara 100, bure, bila kununua chochote.

Na mpangilio wa kuwasha tumeugeuza. Zamani tulianza na maiki, tukasema safi, ndipo tukawasha vingine. Sasa tunawasha kila kitu kitakachowaka siku hiyo, kamera, monita, transmita, hata simu ya mwongozaji, ila maiki zinabaki zimezimwa. Ndipo tunaiambia risiva itafute nafasi tupu. Ukitafuta nafasi tupu kabla ya kuwasha video, umepima ukimya wa nyumba ambayo wageni hawajafika.

Kitu cha mwisho hakihusu mawimbi hata kidogo. Mfukoni mwa anayehojiwa tunaweka simu ya zamani yenye maiki ya waya, imewekwa kwenye hali ya ndegeni, inarekodi mwanzo hadi mwisho. Isiporusha chochote, haina cha kuingiliwa.

Agosti tulirudi kwa mzee. Nilimweleza kwamba waya wetu ulikuwa unapiga kelele kwenye masafa ya maiki yake, na mashine zetu zilikuwa zinagombana zenyewe. Aliuliza kama tumeshazipatanisha. Tukamwambia ndiyo, babu. Akakaa palepale, kwenye kiti kilekile, akasimulia habari ya malungu tangu kuchimba udongo hadi kintengwe. Sauti ilitoka safi mwanzo mwisho, hata upepo tuliudhibiti. Ilikuwa dakika nne. Pale alipokuwa ameingia kwenye Kifipa, safari hii alisema tu, "kama nilivyowaambia siku ile."